Kitufe cha Tano

Marehemu mume wangu, Muhanna, aliacha gari ambalo watu walitoka Sur na Nizwa kuja kulitizama. Ni Impala ya Kimarekani, ya mwaka sitini na tano, rangi ya samli. Kwa miaka mingi lilikaa uwanjani kwetu hapa Ibra, Oman, chini ya turubai, na kila Ijumaa alilifunua akalipangusa kwa kitambaa cha pamba kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Eda yangu ilipokwisha, mwanangu Laith alinipigia simu kutoka Maskati. "Mama, jua litalila lile gari. Mpe Yaqoob wa Nizwa, yeye ana karakana, atalitunza. Wewe huendeshi." Nikamwambia haya. Alisema kweli. Nilitaka jambo moja tu libaki kama lilivyo, na hilo sikumwambia.

Redio ya gari lile ina vitufe vitano. Kila kimoja kinakumbuka stesheni yake kwa chuma tu, hata umeme usiwepo. Ukikibonyeza, mshale unakwenda wenyewe mpaka pahala pake ukasimama. Kitufe cha tano kilikwenda pahala pasipo na kitu. Mvumo tu, kama mchanga unaomiminwa juu ya karatasi.

Zamani, Laith hajazaliwa, tulikuwa tunarudi kutoka Ras al Hadd, Magharibi imeshapita. Muhanna akizungusha redio huku anaendesha. Mara ikaingia taarabu. Fidla, ganuni, na mwanamke anaimba Kiswahili cha kwetu Unguja, tulikotoka sote wawili tukiwa wadogo. Muhanna akasimamisha gari kando ya njia. Akakivuta kitufe cha tano, akakisukuma ndani, ili pahala pale pasipotee. Wimbo haukufika mwisho, ukazama katika mvumo, na haukurudi tena.

Lakini tangu siku ile, kila akishasali Magharibi, alitoka uwanjani akakaa garini akakibonyeza. Nikimwuliza anasikiliza nini, hukohoa kidogo, kile kikohozi chake cha kusafisha koo, kisha husema, "Nawangojea."

Alipokufa nikawa naingia mimi. Nakaa kiti changu cha upande wa kulia. Chake sikikalii, bado kimebonyea alipokuwa akikaa. Nabonyeza, mshale unakwenda, mvumo unakuja, nami nasikiliza mpaka Isha. Nguo zake tumezigawa, harufu yake imekwisha kwenye mito ya kulalia. Katika mvumo ule ndimo alimobaki. Mtu mzima mimi, ningemwambia nani kwamba nasikiliza redio isiyosema? Nilikusudia kumwambia Yaqoob neno moja tu siku atakayokuja: redio usiiguse.

Alikuja Alhamisi baada ya Alasiri. Alifuatana na marafiki wawili wa Muhanna, Marzouq wa Sinaw na jirani yetu Thuwaini. Yaqoob ni mdogo kwao kwa umri, amezaliwa huku huku Oman, na Kiswahili chake amekiokota kwa bibi yake.

"Shikamoo, Bi Balqis."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Waliliondoa turubai, na kabla sijarudi jikoni wameshaanza.

"Taa sita," Thuwaini alisema, anazigusa kule nyuma. "Tatu huku, tatu huku. Hiyo ndiyo Impala. Ukiona nne, huyo ni ndugu yake maskini."

"Baba yangu alikuwa nayo yenye nne," alisema Marzouq.

"Ndiyo maana nikasema."

"Na baba yako wewe alikuwa na punda."

"Punda wetu alikuwa na taa sita."

Wakacheka. Yaqoob alikwisha kufungua mlango, amepiga magoti, kichwa kimo ndani. "Tizameni hii. Taa kubwa unawasha kwa mguu. Hapa sakafuni, mguu wa kushoto. Mkono wako hauwachi usukani. Nani leo anafikiri hivyo?"

"Na vioo vile vya pembetatu," Thuwaini akasema. "Ukikigeuza kidogo, upepo wote unakuja kifuani. Tulikuwa hatujui AC."

Marzouq alikuwa bado anaitizama ile swichi ya mguuni. "Tukikutana njia ya Mudhaibi usiku," alisema, "Muhanna alikuwa ananikonyeza kwa mguu."

Wote wakainama kuitizama. Kile chuma kilikuwa kimesuguliwa na kiatu chake mpaka kikang'ara.

Nilisimama mlangoni na dele la kahawa, nawasikiliza. Wengine walikuja matangani wakaniambia Muhanna alikuwa mtu wa dini, mtu wa watu. Hawa walimkumbuka kwa taa na vioo, na mimi nikamwona vizuri zaidi. Nikasema moyoni, wacha wamalize, nikiwamiminia kahawa nitasema neno langu.

Yaqoob akaingia akakaa kwenye kiti cha Muhanna. Alikuwa wa kwanza kukikalia. Sikuwahi kufungua kinywa, ameshawasha redio.

"Njooni muone akili ya watu hawa," alisema. "Hakuna kompyuta, hakuna kitu. Unatafuta stesheni yako. Unavuta kitufe, hivi. Unasukuma. Khalas, kimeshakumbuka."

Alikuwa amevuta cha tano.

"Hiki kilikuwa bure, kinavuma tu," alisema. "Sasa kina Maskati." Na kweli, mtu akatoka redioni anasoma habari za mvua kwa Kiarabu, safi kabisa.

Nililiweka dele chini. "Bwana Yaqoob, pale pa mwanzo panarudi?"

"Pa mwanzo palikuwa hapana kitu, Bi Balqis. Nimekutengenezea."

Marzouq akanitizama usoni, akawacha kucheka. "Yaqoob, toka garini," alisema taratibu.

"Kwani nimefanya nini?"

"Hicho ndicho alichokuwa akikibonyeza Muhanna. Nikija jioni namkuta anakisikiliza. Mimi nikidhani redio mbovu."

Basi nikawaeleza. Njia ya Ras al Hadd, mwanamke aliyeimba, na jioni zangu tangu afe. Nilisema nikitizama vikombe. Nilipomaliza, Yaqoob alikuwa ameweka kiganja juu ya paji la uso.

"Nisamehe, mama. Wallahi sikujua. Nitapatafuta."

Walipatafuta. Walikwenda kusali Magharibi wakarudi, wakaendelea. Yaqoob anazungusha, Thuwaini ameinama dirishani, mimi nimekaa kiti changu. Watu walioweza kukuambia upana wa kila ukanda wa nikeli katika gari lile hawakukumbuka mshale wa redio ulikuwa ukisimama wapi.

"Hapa?"

"Siyo."

"Sogeza kidogo kushoto," Marzouq akisema. "Hapa, shemegi?"

"Siyo."

Wakaja Waajemi, wakaja Wahindi, ikaja Maskati tena. Baina yao mivumo, mmoja mwembamba, mmoja kama mafuta yanayokaanga. Sikuwa nikijua kwamba mvumo nao una sura. Hata mmoja haukuwa wake.

"Inatosha," nikasema. "Lichukue gari."

"Nikuachie redio yake, mama?"

"Ya nini sasa?"

Asubuhi yake wakalipakia juu ya lori. Uwanjani likabaki doa la mafuta, nami nikifagia nalizunguka. Jioni, baada ya kusali, miguu ilinipeleka yenyewe, nikajikuta nimesimama pale ulipokuwa mlango wangu, mkono nimeunyosha.

Siku chache baadaye Yaqoob alinipigia simu, giza linaingia.

"Bi Balqis, kitufe cha tano kinanikataa."

"Vipi?"

"Nimeweka Maskati. Asubuhi nikibonyeza, kinashika. Jioni nikibonyeza, mshale unaipita Maskati, unakwenda kusimama pasipo na kitu. Nimeifungua redio. Chuma cha ndani kimelika, mama. Miaka yote ile amekibonyeza pahala pamoja mpaka kimejichimbia kishimo. Ukikisogeza, kinateleza, kinarudi pale. Naweza kutia chuma kipya, lakini nikasema nikuulize."

"Usitie."

"Basi ngoja. Nakufungulia spika. Sikiliza."

Nikasikia mlango wa gari, kisha mvumo ukaja. Nilikaa chini ukumbini, juu ya sakafu. Ulikuwa ndio wenyewe. Mchanga juu ya karatasi. Nikafumba macho.

Nimesikiliza kidogo tu, mtu akakohoa mle ndani, kama anayesafisha koo.

"Una kifua, Bwana Yaqoob?"

Nikamwita tena, kwa nguvu.

Sauti yake ikatoka mbali. "Unanisemesha mimi, mama? Mimi niko nje, mlangoni kwa karakana. Simu nimeiweka juu ya kiti chako, usikie vizuri."

"Nani yumo garini?"

"Hamna mtu." Nikasikia viatu vyake vinakanyaga kokoto, vinakaribia. "Mama? Kuna nini?"

"Usije," nikamwambia. "Iwache simu hapo hapo."