Asidi ya Mama Rachida

Jumamosi asubuhi mjini Lubumbashi ni salongo. Maduka hayafunguliwi mpaka kila mtu awe amefagia mbele ya lupango lake, yaani kiwanja chake, kuanzia getini hadi katikati ya barabara, na mkuu wa mtaa hupita akikagua. Huko Ruashi, Mama Rachida hakuwahi kukemewa hata siku moja. Alifagia vizuri mno, hadi majirani wakamchukia kidogo.

Jumamosi hiyo barabara yake ilikuwa na asidi. Lori la tangi lililokuwa likielekea mgodini lilipinduka mbele ya geti lake siku iliyotangulia, saa ya swala ya alasiri. Dereva alitokea dirishani, akapiga simu, kisha akaenda zake kwao Kasenga kula samaki na kutuliza moyo. Tusiisingizie kampuni ya mgodi, haikukawia. Ilileta kreni, ikalinyanyua lori taratibu kama mgonjwa, ikaokota hata vipande vya kioo cha pembeni. Ilisahau asidi tu. Asidi ikaingia mtaroni, ikapita chini ya geti, ikaua kuku, ikafika kwenye kisima alichokichimba marehemu Shafi, mumewe, kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba zote za upande ule zilikuwa zikinywa maji ya kisima hicho.

“Mama Rachida,” alisema Chilufya, mkuu wa mtaa, akiwa amesimama mbali ili viatu vyake visidhurike, “mbele ya lupango yako kuko buchafu.”

“Haiko buchafu yangu, Papa chef. Ni ya bantu ba mugodi.”

“Lakini iko mbele ya lupango ya nani?”

Mama Rachida akaona haya, na hilo ndilo lililomponza. Alikwenda jikoni akaleta majivu, akayamwaga juu ya asidi, akashika fagio. Fagio likaisha mkononi mwake. Bwana Dédé, afisa usalama wa kampuni, alikuwa ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, na humo humo akampiga picha. Kila mtu wa Ruashi anajua kwamba ukishafagia kitu siku ya salongo, umekubali kuwa ni chako.

Jumatatu ofisi ya mazingira ikamwita mwenye asidi. Kampuni ilijibu kwamba asidi ni ya msafirishaji, ikamtuma Bwana Dédé aje kutazama tu. Msafirishaji alijibu kwamba ajali ni ya dereva. Dereva alikuwa bado anakula samaki. Mhusika pekee aliyeitikia wito ni asidi yenyewe.

Ilijikusanya kutoka mtaroni ikasimama, kimo cha mtu mzima, rangi ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, moshi kidogo mabegani. Ilikuja nusu tu, maana nusu nyingine ilikuwa kisimani na haikuweza kupanda. Ilitembea pembeni mwa barabara nyuma ya Mama Rachida, aliyekuwa akienda kulalamikia kisima chake, ikapisha pikipiki, ikafika kabla ofisi haijafunguliwa. Mlinzi aliikaribisha kwenye benchi. Benchi lilipoanza kuliwa, aliiomba isimame, nayo ikasimama bila kununa.

Madame Delphine, mkubwa wa ofisi, alizaliwa Kambove na alikuwa amekwisha kuona mengi. Akaitazama juu ya miwani.

“Weye uko wa nani?”

Asidi haikuwa na maneno mengi. Iliinua mkono ikamnyooshea kidole Bwana Dédé. Tone likaanguka kutoka kwenye kidole hicho, likatoboa sakafu. Wote waliliona tundu, na Bwana Dédé akasogeza mguu.

“Kunyoosha kidole haiko ushahidi,” alisema Madame Delphine. “Uko na carte ya kitambulisho?”

“Hapana,” ikajibu asidi.

“Unalala wapi?”

“Kwa Mama Rachida.”

“Basi uko muntu wa kwake. Mwenye lupango njo anachunga bantu bake.”

Mama Rachida akainuka. “Na kisima yangu, Madame? Batoto banakunywa nini?”

“Mama, sheria inasema kintu yenye kumwangika inalala chini. Hii imesimama, tena imejibu. Kwa hiyo hakuna kintu kilimwangika. Kisima yako iko safi.”

Bwana Dédé akapiga makofi. Kisha akamkabidhi Mama Rachida kipande cha sabuni na fulana yenye maandishi ya kupenda mazingira. Mama Rachida alitamani kumtupia sabuni ile usoni. Aliitia mkobani, kwa kuwa sabuni ni sabuni.

Njiani kurudi, asidi ilimfuata kwa mbali ili isimuunguze.

“Mama, unisamehe,” ikasema.

Hakuna mwingine aliyekuwa amemwambia neno hilo, wala hakuna aliyemwambia baadaye.

“Aksanti. Lakini utoke mu kisima.”

“Sitaweza, Mama. Nilisha kuingia mu budongo.”

Akaipa banda la kuku, kwa kuwa lilikuwa wazi. Maji alianza kuyafuata mbali, upande wa pili wa barabara kuu, dumu kichwani, yeye na majirani, na majirani wakamlaumu yeye kwa kukaribisha mgeni wa namna ile.

Kila Jumamosi asidi iliamka mapema ikapita mbele ya lupango kabla yake. Halikubaki jani, wala unyasi, wala sisimizi. Chilufya alisema hajaona usafi kama ule tangu ashike kazi. Kiangazi kilipofika, kampuni ikatangaza zawadi kwa mbele ya lupango penye usafi kuliko kote Ruashi, na mshindi akawa Mama Rachida. Walikuja wote, Chilufya, Bwana Dédé na Madame Delphine, na mpiga picha wao. Hotuba zilikuwa ndefu.

Mama Rachida akawaandalia meza kama alivyolelewa. Alipika bukari, yaani ugali, samaki na mboga ya lengalenga kwa maji aliyoyabeba kichwani. Kisha, kama mama yake alivyokuwa akiwafanyia wageni, akapita na beseni na birika kuwanawisha mikono.

“Mayi ya wapi, Mama?” aliuliza Madame Delphine.

“Ya kisima. Ile mulisema iko safi.”

Chilufya akatia mikono mfukoni. Bwana Dédé akakumbuka simu. Madame Delphine, aliyekula bukari kwa mkono tangu alipoota meno, akauliza kama nyumba ina uma. Ulikuwepo mmoja. Wakala kwa zamu, wakipokezana ule uma kwa adabu, wakisifu samaki, wakisifu usafi. Birika lilisimama mbele yao limejaa, na Mama Rachida nyuma yake.

Walipoondoka, asidi ilitoka bandani, ikakaa chini pembeni mwa mkeka, ikanyoosha mikono yake yote miwili juu ya beseni. Mama Rachida akaitazama. Hasira alikuwa nayo bado, lakini mgeni ni mgeni. Akaimiminia maji polepole mpaka birika likaisha, akaiwekea sahani, kisha akachukua dumu akaenda kupanga foleni ya maji.