Doa Jekundu Mgongoni mwa Malkia

Mshonaji huyo walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Ulimi wake nao ulichoma. Alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake, na juu ya paa bapa la nyumba hiyo alifuga mizinga miwili ya nyuki, urithi wa baba huyohuyo. Ng'ambo ya ua aliishi mdogo wake, fundi simu aliyekuwa akivimba uso kila alipodungwa, pamoja na mkewe, nesi mpole mwenye macho yasiyokosa kitu.

Upole huo ndio uliomkosesha Sindano raha. Tangu nesi aliposema, "Wifi, ukichoka na nyuki hawa niachie mimi, kwetu tulifuga," Sindano alianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Asubuhi moja alipanda kukagua. Mzinga wa kushoto ulikuwa umepooza, nyuki wachache wakiingia na kutoka bila haraka. Aliupuliza moshi, akafungua kifuniko, akakuta kundi limepungua nusu. Alitoa sega moja baada ya jingine akimtafuta malkia, ambaye alikuwa amemtia doa la rangi nyekundu ya kucha mgongoni ili asimpotee. Hakumwona. Badala yake aliona vikombe virefu vya nta vinaning'inia ukingoni mwa sega kama karanga ambazo hazijamenywa. Nyuki walikuwa wanalea malkia mwingine.

"Wamemwiba," alisema kwa sauti.

Akainua kichwa. Kule chini, barazani kwa wifi yake, kulikuwa na sanduku jipya la mbao lililofunikwa shuka kuukuu, na nyuki walikuwa wanaingia kwa upenyo wa chini.

Sindano hakufanya papara. Alishuka, akaenda kwa seremala wa mtaani kwa kisingizio cha mguu wa meza.

"Sanduku la nesi ni kazi yako?"

"Yangu. Alinihimiza kweli! Alisema analihitaji kabla nyuki hawajatoka."

"Hawajatoka wapi?"

Seremala akajikuna shingo. "Sasa hapo dada yangu, mimi ni wa mbao tu."

Basi, Sindano akaona mambo yamejianika yenyewe. Mtu ameagiza sanduku kabla, halafu malkia anatoweka! Siku zilizofuata alikata salamu. Nesi akisema, "Umeamkaje, wifi?" yeye alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Kila kishindo cha ngazi ya chuma ya kupandia paani kilimtoa kitini. Hata kwenye ndoo ya nesi alichungulia, akakuta nguo mbichi.

Mwishowe alimbana mdogo wake. "Mkeo ameingia kwenye mzinga wa baba."

"Dada, mambo ya nyuki sitaki. Nasikia tu harufu ya moshi, uso unavimba." Akainamia simu aliyokuwa ameifungua, na masikio yakamwiva. Sindano akayaona.

Mchana huo, nesi akiwa kazini, Sindano alivaa wavu usoni akavuka ua. Alitoa shuka, akafungua sanduku taratibu. Nyuki walikuwa wamejenga masega mapya, meupe kama karatasi. Kwenye sega la pili alimwona malkia akitembea kwa maringo, na doa jekundu mgongoni.

"Umempata?"

Nesi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mkoba begani.

"Mwizi mkubwa wewe!" Sindano alisema, sega bado mkononi. "Ulipanda lini kwangu?"

"Sijapanda. Walikuja wenyewe. Walitua kwenye nguzo ya kamba ya nguo, wakaning'inia fungu zima. Nilikuja kukugongea. Ulijibu nini ukiwa ndani?"

Sindano alikumbuka. Siku ile alikuwa na gauni la bibi harusi mapajani, na aliposikia sauti ya nesi mlangoni alipaza yake: nina kazi, usiniletee maneno. Hata hivyo hakulegea.

"Na sanduku? Uliliagiza kabla!"

"Niliwaona kutoka hapa barazani. Nyuki wako walikuwa wanalala nje ya mzinga, wamejaa mpaka mlangoni. Nilijua watagawanyika. Nilimwambia mume wangu akuambie."

Sindano akayaelewa sasa yale masikio. Lakini lililomnyamazisha zaidi ni vikombe vya nta. Malkia angeibwa, nyuki wangejenga vikombe vya dharura katikati ya sega, palipo na majana, watoto wa nyuki. Vile alivyoviona vilining'inia chini kabisa, ukingoni, kama nyuki wafanyavyo wanapojiandaa kuhama na malkia mzee na kumwachia malkia mpya mzinga. Alilijua hilo tangu utotoni. Hasira tu ndiyo iliyomziba macho.

"Na nisingekuja leo," aliuliza, "ungeniambia lini?"

Nesi alishusha mkoba begani. "Sijui, wifi. Niliwapenda. Nilikuwa najiambia kesho."

Jibu hilo lilimuuma Sindano, lakini lilimtuliza pia, kwa kuwa halikupambwa. Akarudisha sega mahali pake. "Kaa nao. Nikimrudisha huyu, atapigana na mpya mpaka mmoja afe."

Mdogo wake alipata maneno makali jioni hiyo, kutoka kwa dada na kutoka kwa mke, na uso ukamwiva bila kudungwa.

Siku chache baadaye Sindano aliufungua tena mzinga wake. Kikombe kimoja kilikuwa kimefunguka nchani kwa unadhifu, kama kopo lililotolewa kifuniko. Vingine vilitobolewa ubavuni: malkia wa kwanza kutoka aliwaua wenzake humohumo. Sindano alimsubiri huyo aruke, apandwe na madume, arudi. Ndipo siku moja akaona mayai, moja katika kila kijumba, madogo kama vipande vya uzi mweupe.

"Wifi!" aliita kutoka ukingoni mwa paa. "Panda uone!"

Nesi alipanda akihema, bado yuko na sare ya kazi, akainama juu ya sega, akatabasamu. Sindano alisogea kumpa nafasi. Lakini mkono wake haukutoka kwenye kifuniko cha mzinga.