Safu Mbili za Kwasa

Saa tatu asubuhi mkuu wa ofisi ya vipimo vya anga alimwekea mlinganishaji jedwali mezani, akamwambia vipimo vyote ni halisi, atie saini kabla ya chakula cha mchana. Sauti yake ilitokea kwenye kabati la mafaili, hatua mbili kushoto kwa mdomo wake. Mlinganishaji, mama wa watu, aliligeukia kabati kwa adabu, akasema sawa, bosi.

Kazi yake ilikuwa moja. Kwasa ni mianga iliyo mbali mno, mbali hata haionekani kusogea, na ndiyo misumari inayoshikilia ramani ya mbingu. Darubini huipima kwa mwanga, dishi huipima kwa redio, naye hutazama kama ramani hizo mbili zinalaliana. Siku zote huwa kuna tofauti, nyembamba kuliko unywele. Leo kwasa mia tatu zilikubaliana hadi tarakimu ya mwisho. Hata mapacha hawafanani hivyo, jamani. Hapo kulikuwa na namna: mtu alikuwa amenakili safu ya redio na kuiita safu ya darubini.

Fundi wa dishi, mdogo wa mumewe, alikuwa ameandika miaka miwili mfululizo kwamba tofauti ipo. Jedwali likipita, yeye ndiye mwongo, na barua ya kumfukuza ilishachapwa.

"Shemeji, mimi nilipima kweli," alimwambia ngazini. Mlinganishaji alimchunguza mdomo. Sauti ilitoka palepale.

Akarudi kwa mkuu.

"Bosi, safu hii ya darubini imetoka wapi?"

"Kwenye darubini," sauti ilijibu kutoka koridoni. Mfanyausafi aliipisha, akaendelea kupiga deki.

"Na nisipotia saini?"

"Barua zitakuwa mbili." Jibu hilo lilitoka mdomoni mwake barabara.

Mama wa watu aliogopa, tena sana. Akatia saini, wino ukakauka, na jedwali likaondoka na tarishi wa saa sita.

Jioni walikula watatu, shemeji akiwa na barua yake mfukoni. Mume aliuliza kama ofisini kulikuwa na mtu yeyote aliyemtetea ndugu yake.

"Nilimtetea mpaka nikachoka," alisema mke.

Wanaume wote wawili waligeuka kuangalia dirishani, sauti ilikotokea. Kisha wakaendelea kula, na shemeji akamsogezea chumvi.