Unga wa Karoti Uliotakata

Dada yangu hujisifia unga wake wa karoti kama wengine wanavyojisifia watoto waliofaulu mtihani. Hukata karoti vipande vyembamba, huvianika kwenye bati uani, jua kali, mpaka vipauke, kisha husaga. Akina mama hununua wakachanganye kwenye uji wa watoto. "Huu umetakata," huwaambia, nao huitikia, maana nani asiyependa kitu kilichotakata?

Basi siku moja akanitia pakiti mkobani niipime kazini, kwenye maabara ya vyakula. Kazi yangu ni kukausha mboga na matunda, kisha kutafuta kilichobaki ndani. Dada alitaka tu niseme unga ni bora, abandike maneno hayo kwenye pakiti. Sikuwa na wasiwasi. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, na unga huo nimeukulia.

Nikauloweka kwenye spiriti inayovuta ile rangi ya karoti, rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini ya macho. Ilipaswa kutoka rangi ya chungwa lililoiva. Ikatoka kama chai iliyoongezwa maji mara tatu. Nikarudia, nikiomba niwe nimekosea, na sikuwa nimekosea. Jua lilikuwa limeila karibu yote, na kule kutakata ndiko kulikokuwa kuharibika. Niliumia kweli, kwa ajili ya dada na kwa ajili ya watoto wa watu.

Shemeji, mume wa dada, alipopita maabara kuchukua majibu, aliitazama chupa ya ule unga akashusha pumzi.

"Shemeji, hili kausha tu. Ukimwambia utamvunja moyo."

Yaani mimi ambaye kutwa nakausha mchicha na maembe, leo nikaushe na maneno! Nilicheka, lakini si kwa furaha.

Siku chache baadaye, jioni, nikamfuata dada na vichupa viwili: chake, na cha karoti za muuzaji yuleyule nilizozianika kivulini. Nikaviweka mezani.

"Changu kipi?" aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa yameshatua penyewe.

"Hiki kilichofifia, dada."

"Wewe si umekula unga huu huu? Mbona ulikua?"

"Ulikuwa unanipa na chakula chako, dada. Ulidhani sioni."

Dada aliinuka, akashusha pazia jipya la sebuleni, lile ambalo hata shemeji haruhusiwi kulishika, akatoka nalo uani. Karoti zilikuwa bado kwenye bati.

"Shika upande huo."

Tukalifunga kwenye nguzo za kuanikia nguo, kivuli kikazifunika karoti.

"Kesho nawaita wote walionunua," alisema.

"Shemeji aliniambia nikaushe," nikamwambia.

Akavuta fundo mpaka likakaza.

"Kukausha niachie mimi. Wewe kazi yako kusema."