Mama Mkwe wa Saruji

Malenga Nasibu alifariki zamani sana, kabla kamera haijafika Newala. Ndiyo maana Mudathiri, mchonga sanamu, alipopewa kazi ya kumsimamisha uwanjani, alikwenda kuomba sura kwa ukoo wake. Akampata kitukuu, mama mmoja mwenye paji pana na macho makali, akaunakili uso wake na kuutia ndevu za saruji. Siku ya uzinduzi watu walishangilia. Mimi nilitaka kulia, maana mama huyo ni mkwe wangu.

Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, sembuse kula mbele yake. Tangu nioe, nikimwona njiani hujitosa mikoroshoni mpaka apite. Sasa kibanda changu cha kushona viatu kinatazamana naye, kanikodolea macho kutwa nzima! Siwezi kuvua shati. Siwezi hata kumfokea mteja msumbufu. Mchana nakula nimechutama chini ya meza, mabuti ya watu yakining'inia kichwani.

"Ile ni saruji tu, Baba Pili," mke wangu Ziada aliniambia.

"Saruji yenye uso wa mama yako!"

"Basi hama."

"Nihamie wapi? Wateja wangu wote wamenizoea pale."

Lakini aibu ilinishinda. Siku ya gulio nilifunga vifaa vyangu ili nihame, nikaingia chini ya meza kula kwa mara ya mwisho. Nikasikia watu wanacheka. Kuchungulia, nikamwona mama mkwe mwenyewe, wa nyama na damu, kasimama kando ya sanamu, ananitazama nilivyojikunja na bakuli langu. Bila shaka Ziada alikuwa amemweleza. Niliomba ardhi ipasuke.

Mama akavua khanga ya mabegani, akapanda kwenye msingi, akamfunika malenga uso mzima, ndevu na yote. Kisha akanipa mgongo, akasema na sanamu.

"Babu, mwambie mkwe wangu akae mezani ale. Mwanamume mzima hali chini pamoja na kuku."

Miaka yote hiyo sauti yake ilikuwa haijawahi kunielekea. Machozi yalinilenga. Nikatambaa nje, nikainamisha kichwa.

"Babu, mwambie Mama, shikamoo."

"Babu, mwambie, marahaba. Akishiba, mwambie ndala yangu imekatika."