Upande wa Nne wa Mvule

Mti wa mbao ngumu hupimwa ukiwa bado umesimama. Unauzungushia kamba usawa wa kifua, unakadiria urefu, halafu unaugonga pande zote nne kwa kisogo cha shoka. Ukitoa mlio mkavu, ni mzima. Ukilia kama debe, una shimo ndani, na bei yake ni ya kuni. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa, na watu wanaobahatisha hunipandisha hasira.

Mvule wa shangazi niliugonga pande tatu. Upande wa nne, unaotazama nyumba yake, alikuwa amepanga kuni hadi kupita kichwa changu. Nilipotaka kuziondoa akacheka.

"Utajichosha bure, mwanangu. Wewe mti si unaujua kwa kuutazama tu?"

Nikavimba kichwa, mjinga mimi. Nikaandika: mzima. Tajiri wa mbao akalipa siku ileile, kwa kuwa saini ilikuwa yangu, na shangazi akaezeka nyumba yake bati jipya.

Leo asubuhi mti ulikuwa umefungwa kamba za kuuvutia shambani, maana uliinamia nyumba kidogo. Nikamwambia shangazi akae ndani kwa raha zake, mti utaangukia shambani.

Mkata miti akaanza kutoa pengo upande wa shamba, ili mti uelekee huko. Unga wa mbao ukatoka wa manjano, safi. Kisha ukatoka mweusi, umelowa. Akazima msumeno, akanitazama. Ndani ya mti kitu kikalia kwa kupasuka.

"Ulisema mzima!"

Nilikuwa tayari nakimbilia mlangoni kwa shangazi.

"Shangazi, toka!"

"Ngoja nivae kiatu."

"Achana na kiatu! Mti unakuja huku!"

"Si ulisema utaangukia shambani?"

"Nilikosea!"

Nilipiga kelele hizo mbele ya tajiri na vibarua wake wote. Shangazi alikuwa bado ameinama, anapapasa chini ya kitanda. Nikamkamata mkono, nikamburuta bila adabu yoyote, mguu mmoja peku. Tulikuwa hatua chache tu kutoka ukutani kamba moja ilipokatika. Mvule ukaponda bati kama hakuna kitu, ukalala kwenye chumba chake.

Kuni zilikuwa zimetawanyika. Kwenye kisiki kilichobaki tuliona shimo la kuingia mtoto, limezibwa kwa udongo, na alama za vidole bado zinaonekana. Vidole vyembamba. Nikamgeukia shangazi.

"Nilidhani shimo linapunguza bei tu," akanong'ona.

Nilitamani kumwacha palepale na balaa lake. Lakini alikaa chini ya mti huo akijua una shimo, kwa sababu niliposema utaangukia shambani aliniamini.

Tajiri akafika, akachutama, akapitisha mkono juu ya udongo.

"Nani kaziba hapa?"

"Sikuugonga upande huu," nikasema.

"Sijakuuliza hilo. Nataka aliyeziba, anirudishie hela yangu."

Shangazi alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu. Hela ilikuwa pale mbele yetu, bati jipya lililokunjamana chini ya gogo.

"Mimi," nikasema.

Shangazi akauachia mkono wangu.