Bakuli la Chumvi

Ukuta ulipigwa kutoka chumba cha jirani, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu picha ya mama yake Shangazi ikaruka msumarini, ikaangukia daftari la uuguzi. Kioo kikapasuka. Shangazi, aliyekuwa amepiga magoti kando ya kitanda, hakufumbua macho. Aliongeza sauti ya sala, kama mtu anayeongeza sauti ya redio asisikie mvua.

"Na nyumba hii, Baba, uijaze utulivu wako," alisali. Ng'ambo ya ukuta msichana akalia, "Basi, basi, nimekosa!"

Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, jua limejaa dirishani, na pigo la nne likatua palepale kwenye ukuta.

Shangazi halikuwa jina lake. Wanafunzi wa bweni walimbandika jina hilo kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na minane, miwani yenye kamba, na tabia ya kumuuliza kila anayepita kama amekula. Nchini kwao alikuwa amefagia ofisi za watu miaka kumi na minne, akisoma masomo ya jioni huku usingizi ukimwinamisha juu ya dawati, mpaka akapata cheti. Cheti hicho kikamvusha mipaka hadi chuo kikuu, kusomea uuguzi, katika nchi ambayo hakuwahi hata kuiota. Alikuja na begi moja na ahadi moja: sitagombana na mtu.

Ahadi hiyo alikuwa ameitilia hata saini. Siku alipowasili, matroni wa bweni, mwanamke aliyening'iniza funguo nyingi kiunoni, alimsogezea karatasi ya sheria.

"Anayempiga mwenzake humu ndani, anaondoka chuoni siku hiyohiyo," alisema. "Na wewe mgeni, ukiondoka chuoni umeondoka na nchini. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada."

Jirani yake waliyemwita Kinanda alikuwa binti wa miaka ishirini, mwenye mazoea ya kuimba kwa kuguna akiosha vyombo jikoni. Wiki ya tatu Shangazi hakumsikia akiguna tena. Alichosikia kila Jumamosi ni hatua nzito za mchumba wa binti huyo, Nahodha, kiongozi wa timu ya mpira ya chuo, kijana mwenye meno mazuri ambaye kila mtu alimpisha kwenye ngazi. Baada ya hatua hizo, ukuta ulianza kusema.

Shangazi alikwenda kwa matroni. Matroni akapanda, akagonga. Kinanda akatoka, jicho moja limevimba kama andazi.

"Nimeanguka bafuni," alisema.

"Umesikia mwenyewe," matroni alimwambia Shangazi. "Bafu letu lina utelezi."

Jikoni, kijana wa sheria waliyemwita Wakili alikuwa anakaanga mayai. "Shangazi, hapa kila mtu na mlango wake. Ukitia kidole penye meno, usilie ukiumwa."

"Kwani wewe husikii?"

"Nasikia sana. Ndiyo maana nimenunua hivi." Akatoa mfukoni vizibo viwili vya masikio, akavionyesha kama mtu anayeonyesha dawa iliyomsaidia.

Basi hiyo Jumamosi ya picha kuanguka, Shangazi aliokota vipande vya kioo kimoja kimoja, na uso wa mama yake ukawa unamtazama bila kifuniko.

Nyumba waliyopanga utotoni ilikuwa na vyumba sita na familia sita. Mume yeyote alipoanza kumpiga mkewe, mama yake aliinuka, akachukua bakuli, akaenda kugonga. "Hodi jirani, naomba chumvi." Kwao chumvi haikupungua, kopo lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. "Mkono unaopima chumvi," mama alimweleza, "hauwezi kupiga wakati huohuo. Na mtu akishasitishwa, hasira humwagika yenyewe." Lakini siku baba yake mwenyewe alipofunga mlango, hakuna jirani aliyekuja. Shangazi alikuwa na miaka tisa. Alisimama uani na bakuli la mama yake, hatua mbili tu kutoka mlangoni, akisikia kila kitu. Hakugonga. Tangu siku hiyo mama alisikia kwa sikio moja.

Sasa Shangazi alichukua bakuli, akatoka.

"Hodi jirani. Naomba chumvi."

Kitasa kikazunguka. Nahodha alitokeza, jasho likimtiririka, akatabasamu. "Chumvi?"

"Kijiko kimoja tu, mwanangu. Mboga iko motoni."

Nahodha aliingia, akatafuta, akamimina. Alipomaliza alibaki amesimama, akitazama viganja vyake kana kwamba amesahau alikuwa anafanya nini. Ukuta ukanyamaza siku nzima.

Jumamosi iliyofuata alikwenda tena, na chumvi ikafanya kazi tena. Usiku wake alimshukuru Mungu kwa machozi. Aliona amepata njia: hajagombana na mtu, na binti amepona. Alianza hata kulipenda bweni. Alibandika ratiba ya masomo ukutani, akanunua kijimea cha dirishani.

Jumamosi ya tatu Nahodha alifungua kabla Shangazi hajamaliza kusema hodi. Alikuwa na pakiti ya chumvi mkononi.

"Kilo nzima, Shangazi. Itakutosha mpaka uhitimu. Nisikuone tena kwenye mlango huu."

Na Shangazi, kwa adabu aliyolelewa nayo, akapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu."

Hakuwa hata ameketi chumbani kwake ukuta ulipopigwa tena. Safari hii Kinanda hakusema basi. Ilisikika sauti nyingine, ya kitu kinachokokotwa sakafuni, kisha kukoroma kwa mtu anayetafuta pumzi. Shangazi aliitazama pakiti mikononi mwake. Ameninunua, aliwaza. Amenilipa kwa chumvi, nami nimesema ahsante.

Alijaribu kupiga magoti. Magoti yalikataa. Akatoka na pakiti, akagonga mlango wa jirani.

"Nani?" Nahodha alinguruma.

"Jirani. Nimekuja kurudisha chumvi yako."

Mlango ulifunguka, na kofi la mgongo wa mkono likatangulia salamu. Miwani ikaruka. Jino likahama. Kupitia kwapani mwa Nahodha alimwona Kinanda sakafuni, waya wa pasi umemwachia mchirizi shingoni. Nahodha aliinua mkono tena. Ndipo Shangazi alipoirusha ile kilo kwa nguvu zote za mtu aliyefagia miaka kumi na minne.

Pua ilivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Pakiti ikapasuka, chumvi ikamwingia machoni, akaanguka chali akipiga mayowe. Shangazi akamkalia kifuani. Akampiga kwa ngumi ya kulia, akampiga kwa ya kushoto. Alisikia mtu anasali kwa sauti kubwa mle chumbani, akatambua ni yeye mwenyewe. Kila neno na pigo lake. Damu na chumvi vilifanya tope kwenye vidole vyake. Mkono wake ukapapasa sakafuni, ukaikuta pasi, ukainyanyua. Na hapo alijiogopa, kwa sababu mkono ule ulikuwa na furaha. Ulikuwa umeingojea siku hii tangu uani, tangu alipokuwa na miaka tisa.

"Usiniue, mama," Nahodha alilia.

Pasi ikapanda juu zaidi.

"Shangazi."

Ilikuwa sauti iliyokwaruzika, kama ya mtu aliyesahau kusema. Kinanda alikuwa amejikokota mpaka karibu yake, kikombe kitupu mkononi.

"Shangazi, naomba chumvi."

Shangazi hakugeuka.

"Shangazi yangu. Kidogo tu. Mboga iko motoni."

Pumzi ilimtoka Shangazi kwa mkupuo, kama gunia lililofunguliwa. Aliishusha pasi taratibu, akaiweka kando. Akakusanya chumvi iliyotapakaa sakafuni kwa kiganja, nyeupe na nyekundu, akamimina kikombeni, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kikajaa. Kisha akamshuka Nahodha, akamketisha, akambana pua kwa vidole viwili kama walivyofundishwa darasani.

"Inamisha kichwa mbele. Mbele, siyo nyuma, utameza damu. Pumua kwa mdomo."

Nahodha alitii. Chini ya vidole vya mkono wa pili wa Shangazi, mshipa wa kijana ulipiga haraka, kama wa mtu mwingine yeyote.

Mlangoni alisimama Wakili, vizibo vyake kiganjani. Nyuma yake nyuso nyingine.

"Nimempigia matroni simu," alisema.

"Utamwambia ulichoona?"

Kijana aliinamisha macho. "Nimeona mwisho tu, Shangazi."

"Basi mwambie mwisho."

Funguo zilisikika zikipanda ngazi. Shangazi alitafuta sala, hakuipata. Aliwaza kijimea chake dirishani, nani atakimwagilia. Matroni alifika, akatazama damu, akatazama pasi, akamtazama mgeni wake wa kutoka mbali.

"Nani amempiga huyu?"

"Mimi, dada," alisema Shangazi. Mdomo wake ulikuwa umevimba.

Matroni alishusha pumzi, kisha akamgeukia binti. "Na wewe? Umeanguka?"

Kinanda alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Katika korido nzima milango ilikuwa wazi, hata ile ambayo huwa haifunguliwi, na bweni lote lilikuwa limenyamaza, likisubiri jirani aseme.